Chipu Niliyoibahatisha

Jumapili, mwezi wa kumi. Jua la Nachingwea limeamka na hasira, upepo hakuna, na mimi nilitoka Misa sikumbuki hata somo moja.

Siku ya nne leo naiona ile chipu. Nikisonga ugali naiona. Nikimwogesha Doto naiona.

Ngoja niandike, labda itanitoka.

Kazi yangu kwa Fundi Deus, fundi wa redio, ni kuchambua vipuri. Niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Fundi alinunua mnadani boksi la vipuri vya zamani, humo kuna chipu za elektroniki za kijeshi, zina kifuniko cha rangi ya dhahabu. Mwalimu Hassani wa Ruangwa alitaka kumi na mbili, zile zinazostahimili mionzi ya angani tu. Vijana aliowafundisha wako chuoni Dar, wanaunda satelaiti ndogo.

Ukizipanga mezani zote ni ndugu. Uzito mmoja, miguu sawasawa, ukizipima na mita zote nzima. Fundi alinielekeza: "Mama Doto, hizi zote ni za jeshi. Joto zinavumilia, baridi zinavumilia, kutikiswa zinavumilia. Mionzi ni habari nyingine." Tofauti iko kwenye maandishi. Baada ya tarakimu nne za mwanzo, ukikuta herufi, kama R, hiyo imepimwa kwa mionzi. Ukikuta kistari, haikupimwa. Na usiyoweza kuisoma, usiipandishe daraja.

Alhamisi nilishapata kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa imekwaruzika palepale penye herufi. Nikaigeuzageuza juani, nikaona kama mguu wa R. Kama. Doto analia mgongoni, hajanyonya tangu asubuhi. Nikaitia kwenye kopo la R.

Nilibahatisha.

Ijumaa mzigo ukapelekwa Ruangwa. Ndipo nikauliza, kama utani, kwani ikiingia yenye kistari huko juu itakuwaje? Fundi akacheka. "Itafanya kazi vizuri tu. Leo, kesho, mwezi mzima. Halafu siku moja inanyamaza. Na huko hakuna fundi wa kupanda."

Akaendelea na redio yake. Mimi nikaacha kuchambua.

Maana kunyamaza kwa mashine nakujua. Nilijifungua mapacha, hawajatimiza miezi. Kulwa aliwekwa kwenye mashine ya joto. Asubuhi moja tukaikuta imezima, naye amepoa. Nesi mwenyewe alilia, akasema jana ilikuwa nzima. Simlaumu mtu. Lakini watu wakisikia jina Doto lazima waulize, na Kulwa yuko wapi? Na mimi huwa najiuliza langu: au kuna mtu mahali, ana haraka zake, alibahatisha?

Sikutaka kuwa mtu huyo.

Leo nilipotoka kanisani nikampigia Fundi, nikasema yote.

"We mama! Siku zote hizo umeiatamia kama kuku?" Kisha akasema Mwalimu anaondoka na mzigo kwenda Dar kesho alfajiri. "Chukua lenzi uende. Ukifika usimpigie hadithi, itoe."

Nikapanda bodaboda, Doto mgongoni. Hadi tunapita Likunja vumbi limetugeuza rangi, na kila tulipopunguza mwendo moyo uliniambia Mwalimu kabadili safari, keshaondoka.

Nilimkuta anafua mashati. Tukamwaga kopo kwenye sinia, nikazisoma juani moja moja. Ya tisa ndiyo yenyewe. Ule mguu bado upo, kama si mkwaruzo. Mwalimu akaitazama na lenzi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi naona R," akasema. "Naona R kabisa. Mama Doto, vijana wanahitaji kumi na mbili."

Nikiri hapa, nilitaka kukubali. Mwalimu mzima, ana digrii yake, kaona R. Ningerudi nyumbani nikalala.

"Mwalimu, umeiona au unaitaka?"

Sijui nilipata wapi mdomo huo. Akaitazama mara nyingine, povu linamkaukia mikononi, halafu akanikabidhi ile chipu na kuzifunga zilizobaki. Akasema atawaambia vijana wasubiri. Hakunisindikiza hata barabarani.

Kwa hiyo ninayo hapa, imo ndani ya karatasi. Huenda ni nzima kuliko zote. Huenda nimewachelewesha watoto wa watu bure. Sitajua kamwe, na hilo nalo litanikaa moyoni.

Fundi hajasema kama kesho niende kazini. Nitaenda. Safu ya chini ya boksi hatujaigusa, na huenda ya kumi na mbili imo humo. Nikiisoma, nitasema nimeisoma. Nikishindwa, nitasema nimeshindwa, hata wakinikasirikia wote.