Namba Iliyokataa Kugawanyika

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo mtaani Malindi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Ujerumani imenipasua midomo, hata kucheka ni kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hasira zilinizuia kuelewa. Mwanafunzi mwenzangu aliyerudi huko amekuhadithia kwamba nilichekwa darasani, na Ami, ndugu yako, anataka niache hesabu nirudi niolewe. Basi nisikilize na mimi, Baba.

Ni kweli nilichekwa. Mwalimu alitupa namba 999,827, akauliza kama iko namba, mbali na moja na yenyewe, inayoigawa bila ya baki. Nikaijaribu kwa zile zisizogawanyika, mbili, tatu, tano, saba, nikipanda, na kila moja nikiihesabu kwa pingili za vidole, kama tunavyohesabu uradi baada ya sala, mara thalathini na tatu kisha tunasimama. Nilipofika 137 pingili zilitimia thalathini na tatu. Wallahi mkono ulisimama wenyewe! Nikaandika ubaoni: haigawanyiki. Mwalimu akachukua inayofuata, 139, ikaingia mara 7,193 na baki hakuna. Darasa zima likaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto kwa haya. Mwalimu akanishauri nihamie darasa la kupiga taipu.

Lakini nilikosea nini, Baba? Kugawa kote niligawa sawasawa, ila nilisimama mapema. Aliyesimama mapema huendelea, hafungi virago.

Kesho yake nikamfuata mwalimu bila ya kuitwa. Nikamwambia, "Nipe nyengine, kubwa kuliko ile." Akaandika 999,983. Nikaigawa kwa zote zisizogawanyika, mpaka 997. Kuvuka elfu hakuna haja: namba ya juu ya elfu ikiigawa, mwenzake atakuwa chini ya elfu, nami huko nimeshapita. Kila mara likabaki baki.

"Hii haigawanyiki," nikamwambia.

Akakagua muda mrefu. "Sahihi," akasema. "Lakini taipu ni kazi nyepesi kwa msichana."

"Basi wape wavulana."

Nimeshajiandikisha kuendelea na hesabu mpaka nimalize. Sikukuomba ruhusa kwanza kwa sababu ungekataa, na mimi sipendi kukuasi. Inaniuma kukuandikia hivi, lakini sitabadilisha hata herufi moja.

Nisalimie Mama, na Bibi wa Mpendae, mwambie dawa yake ya kifua imenifaa sana. Mdogo wangu Mwanaidi asikubali kutolewa skuli. Ami wa dukani Darajani mpe salamu zangu kwa heshima zote, na mposa aliopokea aurudishe leo, kijana wa watu asikae kunisubiri.

Mwanao, ambaye hutomuona mpaka awe mwalimu wa hesabu,
Zuhura