Utando wa Mwenzangu Umetoboka, Wangu Umegoma

Mpendwa mshauri Shangazi Ruthu, shikamoo, naomba msaada wako maana roho inaniuma mpaka chakula hakipiti, mimi ni binti wa Kondoa, nasoma shahada ya pili hapa Dodoma na nimepanga chumba Area D pamoja na mwenzangu Jenifa, tunapika sufuria moja na kazi yetu ni moja, tunatengeneza ndani ya kompyuta utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba ya mafuta inayoizunguka seli, safu ya juu na safu ya chini, kisha tunachanganya humo mafuta yaliyochacha tuone utando utavumilia au utatoboka, kwa sababu ndivyo seli zinavyoumia mwilini.

Sasa Shangazi, wa Jenifa umetoboka, tundu safi tulilokuwa tunalitafuta, maji yanapita katikati, watu wanaitana kuja kuangalia, na Dk. Mazengo anayetusimamia siku hizi anamwita "binti yangu", mimi niliyemfundisha Jenifa hata kuiwasha hiyo programu ananiita "wewe wa Kondoa", na utando wangu umetulia tu kama hakuna kilichotokea, naona gere, sikatai, akicheka naumia, akikaa kimya naona anaringa.

Juzi alipokwenda kuoga nilichungulia kazi aliyoiacha wazi nikaona kosa, mafuta yaliyochacha yana mikia iliyopinda, yanataka nafasi kubwa, yeye kayajaza yote safu ya juu bila kupunguza idadi ya chembe zake, basi ya juu imebanana na ya chini inavutwa, lazima utando uchanike. Nilifurahi Shangazi, nilipika huku naimba. Ijumaa anawasilisha mbele ya wageni watakaochagua nani aendelee na utafiti, nikisema nitaonekana nina roho mbaya, nikinyamaza wataliona wenyewe na ataaibika, na jana ameniuliza, "Mbona siku hizi huniangalii usoni?" nikamwambia macho yananiuma. Je, nikinyamaza nitakuwa nimemkosea, wakati kosa si langu?

Mwajabu, Area D

Marahaba, Mwajabu. Macho hayakuumi, mwanangu, una kijicho, na afadhali hujakificha. Kumfundisha mtu kazi halafu akasifiwa yeye kunauma, hata mimi ningenuna. Na huyo Dk. Mazengo mfuate umkumbushe kwa adabu kwamba una jina. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema kosa si lako. Na kunyamaza ni kosa la nani? Unakula naye sufuria moja huku unasubiri Ijumaa afedheheke, halafu unaniletea habari za kuogopa kuonekana una roho mbaya. Mtu anayeimba jikoni kwa sababu mwenzake kakosea ameshafika huko.

Mimi mambo ya seli sijasoma, mafuta yaliyochacha nayajua ya alizeti tu, lakini barua yako nimeisoma vizuri. Unasema utando umechanika kwa sababu ya kosa. Umejuaje? Umeirudia hiyo kazi ukiwa umepunguza mafuta ya safu ya juu? Hujarudia. Msomi mzima, kompyuta unayo, na hujajaribu. Nitakuambia kwa nini: unaogopa Jenifa akirekebisha tundu litabaki palepale, na itabidi ukubali kwamba ameweza.

Sasa sikiliza. Majina nimeyabadilisha, ila mwenzako akisoma ukurasa huu atajitambua, kwa hiyo mwambie leo kabla gazeti halijazunguka mtaani kwenu. Usimtumie ujumbe wa simu, wala usianzie kwa Dk. Mazengo. Kaa naye umwambie, "Nilichungulia kazi yako bila ruhusa, nisamehe. Safu ya juu imejaa kupita kiasi." Kisha rekebisheni pamoja, muiache kompyuta ifanye kazi, na msubiri jibu wote wawili. Tundu likiziba, umemwokoa na aibu. Likibaki, Ijumaa wahi kiti cha mbele, ili wageni wakianza kumbana maswali akatafuta uso wa kutazama, akute wako unamwangalia.