Jina la Msichana wa Farasi

Geita, Jumapili

Mdogo wangu Kabula,

Sauti ya baba akimsimulia mwanao Limi, akilia kama fahali, haijanitoka masikioni tangu uliponitumia ile rekodi kwenye simu. Hujambo wewe? Mama, mayu wetu, bado anasumbuliwa na goti? Na shemeji, mashimo ya almasi ya Maganzo yamempa chochote, au bado anachekecha mchanga tu? Mimi ni mzima. Shule imejaa vumbi la malori, na wiki hii nimefundisha madawati matupu, maana watoto wamekwenda na wazazi wao kuosha mchanga wa dhahabu.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningefuta.

Unakumbuka kitabu cha farasi wa porini, nilichopewa zawadi nikiwa darasa la tano? Nilikuwa namsomea baba akikamua, wewe ukizuia ndama. Hakuwahi kuona farasi, wala mimi.

"Huyo anakamuliwa?" aliniuliza.

"Hapana, baba."

"Analima?"

"Hataki hata kupandwa."

"Sasa wamemwandikia kitabu cha nini?"

Lakini kesho yake akataka kujua kama wale wanaume wenye kamba walimpata. Baada ya wiki alikuwa anasimulia mwenyewe kwa Kisukuma, na farasi wake alilia kama fahali, kwa kuwa kitabu hakikusema farasi analiaje. Yule msichana anayeketi nyikani bila kamba, mpaka farasi anamsogelea kwa hiari yake, baba alimwita kwa jina langu, Minza. Kitabuni ana jina jingine. Lile la baba nilikwenda nalo bweni. Wenzangu waliponicheka kwa lafudhi yangu, nilijiambia kuna farasi mmoja anayenijua.

Kwenye rekodi yako, baba anamwita msichana huyo Limi.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mwanao anacheka, baba anacheka, na wewe nakusikia nyuma yao. Mama Rehema, mwenye nyumba wangu, alinisikia nikiirudia akasimama mlangoni na ufagio wake.

"Mwalimu, unamwonea wivu mtoto anayeng'oka meno ya utoto?"

"Simwonei."

"Basi zima simu upike."

Namwonea, Kabula. Na wewe nakuonea, kwa sababu unafika kwenye zizi la baba kwa miguu, na hujawahi kujiuliza kama amekusahau. Uliponiomba kitabu ili Limi aone picha, nilikujibu mchwa wamekila. Nilikudanganya. Kilikuwa chini ya mto wangu, kizima, hata jalada halijachanika.

Alhamisi nilimpigia baba. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za mvua za huku. Ndipo nikamwuliza yule msichana wa farasi anaitwa nani. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Anaitwa yule aliyekaa mbele yangu," akasema. "Wewe mbona huji ukakaa?"

Huu ni mwaka wa tatu niko Geita, na kila likizo nimepata sababu: masomo ya ziada, mitihani, uchovu. Hakuna aliyenifukuza nyumbani. Nilimuaga baba haraka, nikakaa kitandani, na ule wivu haukupungua, ila sikuweza tena kumlaumu mtoto.

Nisalimie mayu, umwambie dawa ya kuchua nitamtafutia. Msalimie shemeji, na shangazi yetu muuza vitumbua, ambaye najua atataka asomewe barua hii. Umrukie sehemu ya mchwa. Limi mshike mkono kwa niaba yangu. Hajakosa lolote.

Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayekuja Shinyanga. Kitabu kimetangulia. Jana nilikipeleka stendi nikamkabidhi kondakta, na juu ya bahasha nimeandika jina la Limi. Ndani, ukurasa wa kwanza, nimeandika kwa wino usiofutika: "Minza ndiye aliyemsomea babu yako kwanza." Akikuuliza, msomee hivyo hivyo ilivyo.

Ni mimi dada yako,
Minza