Hamsini na mbili toa ishirini na saba

Shoga, nisikilize. Nimemchapa mwanangu. Ndiyo, baba mzima na ndevu zake!

Alikuwa anamfundisha mjukuu wangu kutoa. Hamsini na mbili toa ishirini na saba. Mtoto akageuza, saba toa mbili, akaandika thelathini na tano.

"Mbili haitoshi! Kopa kumi, mpumbavu we!" Mkanda mgongoni. Akarudia kosa lile lile, mkanda tena. Shoga, damu!

Nikaunyakua. Nikamtandika mpaka akapiga magoti. "Mama, basi!" Basi? Mtoto aliposema basi, ulimsikia?

Nikamgeukia mjukuu nimkumbatie, nimtegee hata kitendawili acheke. Akajikunyata, akaziba uso kwa mikono. "Bibi, nitakopa! Nitakopa!"

Mkanda ulikuwa bado mkononi mwangu.