Kama Mama Anasikia

Mtaa wa Wafumaji,
Leiden.
9 Januari 1651

Mpendwa kaka Govert,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Hujambo huko Batavia? Homa zimekuacha? Sisi tunapumua, ila Mama hajainuka tangu apooze. Mimi usiniulize, nimekufa ganzi, nafanya kazi tu.

Barua yako imefika. Nimemsomea Mama yote, hasa pale unapomwomba radhi kwa kuondoka bila kumuaga. Akabaki anatazama dari. Unataka kujua kama amekusamehe, nami sikujua hata kama anasikia.

Wenye elimu nao hawasaidii. Juzi Fijtje, mjakazi wetu, alimwekea Mama miguuni kile kisanduku cha makaa, kama kila majira ya baridi. Kisigino kikaungua mpaka kikanuka, na Mama wala hakutikisika. Reinier, mwanafunzi wa utabibu aliyepanga chumba cha juu, akashuka mbio, uso umemchangamka. "Si niliwaambia? Mwili ni mashine! Roho inakaa kwenye kitezi kidogo ubongoni, na njia ya kufika huko imekatika. Huyu hana habari ya lolote."

Mchungaji Lubbert, aliyekuja kumwombea, akawaka. "Koma, kijana! Roho ni panya, eti ina tundu lake? Imeenea mwili mzima. Huyu mama anaongea na Mungu, hana nafasi na sisi."

Wakabishana juu ya kitanda mpaka supu ikapoa. Nikawaambia, "Nipisheni nimpake siagi." Hata hasira sikuwa nayo.

Jana nilikuwa nakata mkate karibu na Mama. Kisu kikateleza, kikanichana kidole. Sikuhisi kitu, Govert. Nikaendelea kukata, damu inalowesha mkate. Mara nikasikia mtu anaguna. Nikadhani paka. Kumbe ni Mama, macho yamemtoka, anautazama mkono wangu, analia kama aliyekatwa ni yeye.

Reinier na Mchungaji sijawaambia, wataanza tena.

Shangazi Neel anakusalimu, nawe nisalimie mkeo Saartje na mtoto. Mungu awafunike kwa mkono wake, nchi kavu na majini.

Anasikia, kaka. Usiniandikie mimi tena, mwandikie yeye. Meli zinachelewa, kwa hiyo anza leo.

Dada yako akupendaye,
Machteld