Jina la Kuandikwa Penye Kituo cha Malori

Odero, ndugu yangu,

Kuna jambo nimelificha tangu siku ile ya baraza, na wewe peke yako ulilijua. Ulikwenda nalo kaburini bila kumwambia mtu. Sasa madaktari wa Homa Bay wamenirudisha nyumbani na dawa za kutuliza maumivu tu, na mtu hahitaji kuwa amefundisha miaka mingi kama mimi ili aelewe maana ya dawa hizo. Nakuandikia kabla mkono haujakataa.

Wivu wangu si siri. Nadhani hata kuku wa boma letu waliujua. Nilichoficha ni kile ambacho wivu ulinifanya nitende. Nitafika huko. Nivumilie, kama ulivyonivumilia siku zote.

Watu wetu wana neno nyiego, wivu wa wake wenza, na husema watoto huunyonya pamoja na maziwa. Mama yangu alikuwa mke wa kwanza wa baba, mama yako wa pili. Mimi nikapelekwa shule, wewe ukabaki na ng'ombe, kisha ukaenda kuwa utingo wa malori. Nilirudi nyumbani na cheti cha ualimu na baiskeli mpya. Baba alikuwa ameishika ile baiskeli, akiwaonyesha wageni kengele yake, wakati ulipoingia ukiendesha lori. Aliiegemeza kwenye ua, akaenda kupapasa taa za lori lako. Baiskeli ilianguka na hakuna aliyegeuka. Nilikuwa mtu mzima, Odero, mwenye mke, na nilitaka kulia.

Ungekuwa na majivuno ningepata nafuu. Lakini hukuwahi kupanda mahindi kabla sijapanda mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Mvua ilinyesha, mbegu zako ziko tayari, nawe unakuja mlangoni kuuliza kama Jaduong', yaani mzee, kama ulivyoniita siku zote, ameshatia jembe. Mwaka mmoja nilichelewa makusudi. Ulingoja. Mahindi yako yalidumaa mwaka ule, na bado nilikuchukia kwa kule kungoja.

Kisha yakaja magari ya samaki. Unakumbuka yalivyojaa pale ufukweni Sindo, yakingoja mashua, injini zikinguruma mchana kutwa kwa sababu betri zilikuwa mbovu na dereva akizima hana hakika ya kuwasha tena. Mengi yalikuwa yako. Ukuta wa shule yangu ulipakana na uwanja huo. Moshi mweusi uliingia darasa la tatu kama mwanafunzi aliyechelewa, ukakaa. Tulifunga madirisha, watoto wakatoka jasho, tukayafungua, wakakohoa. Akina mama walianika shuka nyeupe wakaanua za kijivu.

Siku ya baraza la chifu nilisimama mbele ya watu wote. Nilisema magari ya dizeli yasishuke tena sokoni. Yaishie kule juu penye njia panda, kabla ya nyumba za kwanza, na mizigo ibebwe kwa punda na mikokoteni. Pikapu za petroli zipite. Mlevi mmoja akauliza, "Mwalimu, na punda wakijamba je?" Watu walicheka mpaka chifu akafunika uso kwa kofia. Lakini kicheko kilipokwisha hasira ilikugeukia wewe. Wauza samaki walikuzomea, kwamba moshi wako umewamaliza, kwamba unanenepa kwa vifua vya watoto wao. Mzee wa kanisa akasema mimi ni mtu wa haki, maana sikumficha hata ndugu yangu.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye nyasi. Ulinitazama kana kwamba sijamaliza kusema. Nami nikakaa chini.

Ukainuka, ukajipangusa suruali, ukasema maneno mawili: "Jaduong' amesema." Shauri likapita, kwa sababu mwenye malori amekubali.

Hewa ilisafika, hilo ni kweli na halihitaji mimi niwe mtu mwema. Kikohozi cha darasa la tatu kilipungua kabla ya muhula kwisha. Nilisifiwa. Nilipewa kiti cha mbele kanisani. Nilialikwa Migori nikawaeleze watu wa soko, kwa maana malori ya kwenda mpakani yalikuwa yakiwafukiza wao pia, na nikawahutubia nikiwa nimevaa koti lile la harusi. Kila niliposimulia, nilianza na neno "niliona." Niliona watoto. Niliona moshi. Nikaona lazima jambo lifanyike.

Wewe uliwalipa wenye punda, ukauza malori mengine, ukabaki na moja. Pale njia panda ukajenga kibanda cha chai. Ungedhani hapo ningetosheka. Lakini jioni nilisikia vicheko vya madereva kutoka kibandani kwako mpaka kwangu, nikiwa nasahihisha madaftari peke yangu. Heshima ilikuwa yangu na watu walikuwa wako. Nilitaka vyote viwili.

Ulipokufa kwa kifua, mtu asingejua kama ninaomboleza au napumzika. Hata mimi sikujua.

Siku ya maziko ilipofika, ilibidi mauti yafukuzwe kama desturi inavyotaka, ng'ombe wakimbizwe kwa nyimbo na mikuki. Nikasikia madereva wako wanasema kwamba ng'ombe wa Odero ni malori, na watayapitisha katikati ya soko hadi bomani kwako. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyosimamia katazo lile la malori. Nilikaa kibarazani nikiwangojea na hapana yangu iko tayari mdomoni. Nilikuwa nimeipanga vizuri: sheria ni sheria, hata kwa wafu.

Alikuja Petro, dereva wako wa siku nyingi, macho mekundu. Akasema, "Mwalimu, hatujaja kuomba ruhusa. Mzee alituambia moshi usiingie Sindo hata siku ya kumzika. Tunaomba watu wa kusukuma."

Walizima injini kule njia panda, Odero. Walisukuma lile lori lako kwa mikono. Lilipita sokoni bila ngurumo, nyimbo tu na magurudumu yakisaga changarawe. Wale akina mama waliokuzomea niliwaona wameegemeza mabega kwenye ubao wa nyuma, vitambaa vimewadondoka. Mlevi wa punda alikuwa mbele, akiwafukuza mbuzi njiani na kulia kama mtoto. Nilisimama na fimbo yangu. Unajua nilichowaza? Si kwamba ndugu yangu amekwenda. Niliwaza: mimi nikifa, nani atanisukumia hata toroli? Nilikuonea wivu wa jeneza.

Tangu uondoke mambo yamebadilika. Magugu yamefunika ziwa, mashua zinakwama ndani yake kama nzi kwenye uji, na siku nyingine hakuna samaki wa kupakia. Petro anaendesha lori lako. Mkeo Atieno huniletea uji kila asubuhi, hukaa mpaka nimalize, hunifuta kidevu. Hajui anamlisha nani. Shuleni madirisha ya darasa la tatu yako wazi siku zote. Nikikaa nje nasikia watoto wakiimba jedwali la hesabu, hakuna anayekatizwa na kikohozi.

Na kuna hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kamati inataka kusimamisha kibao pale njia panda, penye kibanda chako. Kitasema kwamba malori ya dizeli yaishie hapo, na chini yake jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeileta hewa safi Sindo. Walikuja na fundi wa rangi akaniuliza herufi ziwe za buluu au nyekundu. Mwanangu alifurahi mno, akawachinjia jogoo. Nami nikasema buluu.

Baada yao kuondoka sikuweza kula. Nilifikiri ningefurahi. Kumbe hata sasa, na kifo kimekaa mlangoni kwangu, bado nakuonea wivu, maana wewe hukuhitaji kibao.

Kwa hiyo sikia ahadi yangu. Nimemwambia binti yangu Akinyi anitafutie mkokoteni siku ya soko, wanipeleke kule juu kabla fundi hajaanza kuandika. Nitasema kwa mdomo wangu, mbele ya wauza samaki na madereva na chifu. Nikifa kabla ya hapo, Akinyi anajua la kuwaambia. Nimemsimulia yote jana, na tangu hapo hajanitazama sawasawa. Ni haki yake. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa ungenisamehe upesi, na hata huo wepesi wako ningeuonea wivu. Lala, mwana wa baba yangu. Mwambie mama yako kwamba nyumba yake haikushindwa.

Sasa jambo lenyewe.

Asubuhi ya baraza, kabla jua halijapanda, uliegesha lori mbali ukaja kwangu kwa miguu. Ulikuwa ukikohoa. Ulikataa chai. Ulisema, "Jaduong', kifua changu kimeshaharibiwa na dizeli, cha watoto wako bado. Tuyazuie malori kule juu, yangu yakiwa ya kwanza. Lakini wewe ndiye mkubwa, siwezi kusema kabla yako. Anza wewe, useme tumekubaliana, nami niunge mkono."

Nilianza mimi. Sikusema tumekubaliana. Aliyetaka dizeli itoke Sindo ni wewe, Odero. Mimi sikuwa nimeliwaza kabisa.