Leo Umekasirikia Nani?

Mama Nekesa wangu,

Nina miaka sabini na nane. Nimezika ndugu wanne, mbwa sita, na daktari aliyeniambia nitakufa kabla yake. Meno yamebaki machache lakini bado napasua mbao ngumu kwa msumeno wa mkono, na vijana wa mtaa wetu wa Gatina wanasimama kuangalia. Kitu ambacho sikupanga ni kukuzika wewe. Hilo ulifanya bila kuniuliza.

Barua hii naandika mwenyewe, na ile elimu yangu ya darasa la tatu. Nekesa ataisoma mbele ya watu kanisani, kwa sababu wazee wa hapa wananijia kuuliza namna ya kupata leseni ya bastola, na mimi nimechoka kurudia. Nimemwambia asirekebishe kitu.

Unakumbuka wezi waliponivamia karakanani mchana kweupe, wakanivunja mkono wa kushoto, wakaondoka na mashine ya kuranda. Ulinilisha uji kwa kijiko siku nyingi na hukunicheka. Mkono ulipopona nikaomba leseni. Wakanichunguza, wakaniuliza mpaka mambo ya pombe, wakaona mimi ni mtu safi. Kule mafunzoni nilimpiga mtu aliyechorwa kwenye karatasi, kifuani, mara nane kwa kumi, na vijana wenye macho mapya walipiga tano. Nikakuletea ile karatasi nikaitandika mezani. Ulikuwa unachambua omena, unatoa vichwa. Ukaiangalia kidogo tu.

"Karatasi haina mama, Baba Nekesa."

Nikakuambia hayo ni mambo ya wanaume. Ulichukua ufunguo wa sanduku la chuma la bastola ukaufunga kwenye fundo la leso yako, na kutoka siku hiyo kila asubuhi nikitaka bastola ulikuwa unaniuliza neno moja: "Leo umekasirikia nani?" Nikikutajia mtu, bastola inalala sandukuni. Siku moja nilitaja kiongozi wa kwaya, ikalala. Siku nyingine nilimtaja mtangazaji wa mpira wa redio, na hata huyo akaifanya ilale. Nililalamika kwamba serikali imenipa na wewe unaninyima. Ukasema serikali hailali na mimi kitanda kimoja.

Nilidhani ni mchezo wako. Hukuwahi kuuliza kama nina risasi, au kama mkono umepona. Uliuliza hilo tu.

Sasa niseme lile ambalo watu wa hapa hawajui. Otieno, fundi wangu wa miaka kumi na moja, aliponiacha akafungua karakana yake kule Kibera, Makina, nilikaa na uchungu kama wa jino. Asubuhi moja ukaniuliza swali lako, nikakujibu, "Hakuna mtu." Mama Nekesa, nilikudanganya. Ulifungua fundo polepole. Nafikiri ulijua.

Nikaenda Makina moja kwa moja. Nilikagua viti vyake nikitafuta kasoro, nikavaa miwani, nikavua, nikasema maneno ambayo hayafai kanisani. Otieno aliendelea kupiga msasa. Akaniambia kwa upole, "Mzee, viti hivi ni mkono wako. Wewe ndiye ulinifundisha." Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Nikatoka.

Nilipofika kwenye ule uchochoro wa kushuka mtaa wa Kisumu Ndogo nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu. Mtu anaita. Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe, na nilipogeuka bastola ilikuwa imeshatoka na kidole kiko mahali pake. Otieno alikuwa amesimama hatua tano, ameinua mikono, na katika mkono mmoja ameshika kitu kidogo.

"Baba Nekesa, ni miwani. Umesahau miwani."

Ikamponyoka ikaanguka kwenye mawe. Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi kuliko ile ya kuvunjwa mkono. Alikuwa ananiita kwa jina la mtoto wetu. Wezi hawaniiti hivyo. Sauti hiyo nimeisikia miaka kumi na moja ikiniomba misumari, na sikuitambua, kwa sababu nilikuwa nimebeba hasira na bastola safari moja. Shabaha nilikuwa nayo. Kifua chake kilikuwa karibu kuliko ile karatasi, na mama yake bado yuko hai, ulikuwa unamtumia sabuni kila Krismasi.

Nilirudi nyumbani nikaweka bastola mbele yako, nikakuambia yote. Hukupiga kelele. Ulipasha maji ukaniosha mikono kwenye beseni, kama nimetoka kazini na gundi. Jumapili ukamwita Otieno ukampikia kuku, ukanikalisha mkabala naye mpaka nikasema samahani. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo.

Ulipoondoka, Nekesa alinipa leso yako na fundo likiwa bado limefungwa. Wageni wa matanga walipoisha nikakaa kitandani asubuhi nikajiuliza swali lako mwenyewe, kwa sauti, kwa vile sasa hakuna wa kuniuliza. Nikajijibu ukweli. Nimekukasirikia wewe, kwa kutangulia. Kesho yake nikajiuliza tena, jibu likawa lile lile. Wiki nzima ikawa hivyo, na nikajua haitabadilika.

Nikaipeleka bastola kituoni na karatasi zake. Ofisa aliniuliza kwa nini mtu mwenye shabaha kama yangu anarudisha. Nikamwambia mke wangu amekataa. Akauliza mke yuko wapi, nikamwambia amelala kwetu Webuye.

Anayesema nadanganya amuulize Otieno, yeye ndiye alinisindikiza mpaka kituoni. Na akitaka ushahidi mwingine aje aone miwani hii ninayoandikia, kioo cha kulia kina ufa. Nimekataa kubadilisha.

Lala salama, mama. Swali bado najiuliza kila asubuhi. Jibu ni wewe.

Mume wako,
Baba Nekesa